Ng'ombe ya Chuma Niliyomurudishia Ndagano

Kahindo mutoto yangu,

Mama yako na shangazi zako wako jikoni wanakukaangia mahindi ya njia. Kila mumoja anakuambia namna ya kukunja nguo, namna ya kusalimia wamasere, wale watawa wa Bukavu, namna ya kulala kwa kitanda ya wageni. Uwasikilize. Mimi sina shauri ya nguo. Niko nazo mbili, na moja mama yako anasema ni kitambaa ya kufutia motere ya gari. Basi nimeketi huku nyuma, ndani ya kibanda chenye hakina tena kintu, mvua inapiga, ninakuandikia. Utasoma kesho ndani ya lori, kama shofere haendeshi sawa na mulevi.

Maandishi yangu ni mabaya, unajua. Shule ya misioni niliiacha mwaka wa pili. Katekista aliuliza nani aliumba milima ya Masisi, na mimi nikauliza alikuwa na haraka gani hata asiisawazishe. Mungu alinisamehe, katekista hapana.

Kuko jambo sikuweza kukuambia mbele ya mama yako. Kesho asubuhi sitakusindikiza paka sokoni. Usidhani ni hasira. Usidhani ni machozi pia. Mimi ninalia nikikata kitunguu na nikisikia motere inagonga, basi. Ni kwamba njia ya kwenda kwa soko ya Nyamitaba inapita mbele ya zizi ya Ndagano, na tangu leo muchana siruhusiwi kupita pale paka mwezi mupya uonekane. Sababu yake ni ndefu. Kaa vizuri juu ya gunia ya viazi.

Muzee Ndagano unamujua. Ni kapita, musimamizi wa kilima yetu, na ng'ombe zake ni nyingi kuliko dhambi zangu. Bwana ajenti wa serikali haandiki karatasi ya ruhusa ya kutoka kwa muntu yeyote kama Ndagano hajasema huyu aende. Wewe uliambiwa karatasi yako ilichelewa juu ya mvua. Mvua haikuwa na kosa.

Wakati wa ile vita ya wazungu, wewe hujakuwa hata wazo, nilikuwa boyi-shofere. Jina ni kubwa, kazi ni ndogo: unakaa juu ya mizigo, lori ikianza kurudi nyuma kwa mupando, unaruka chini na gogo mukononi na kuliweka nyuma ya gurudumu kabla halijakukanyaga. Kutoka Sake kupanda Masisi, kutoka Masisi kushuka Walikale, dunia niliiona kwa mugongo, ikienda mbali na mimi. Kisha wakanituma kwa garaji ya shamba ya pareto, kuosha vyuma. Pale njo niliona picha.

Ilikuwa kwenye gazeti yenye walifungia sabuni. Gari ndefu, nyembamba sawa panzi, magurudumu madogo mbele, makubwa nyuma, na muzungu ameketi nyuma kabisa kama muntu wamemusahau. Nikauliza shofere yetu inabeba nini. Akasema haibebi kintu. Inaenda wapi? Haiendi fasi yoyote, akasema. Inakimbia njia moja iliyonyooka, ikifika mwisho inasimama, watu wanapiga mikono. Nikacheka paka jioni. Asubuhi sikucheka tena. Nilikuwa ninaitaka.

Sasa, ndani ya zizi ya Ndagano kulikuwa gari ya zamani sana, isiyo na paa, yenye muzungu mumoja wa shamba ya kahawa aliiacha akirudi kwao, sababu haikuweza kumufikisha hata kwa kona. Kuku zilitagia kwa kiti. Ndama zilijikunia ubavu kwa mulango. Ndagano aliniona ninaizunguka kila nikitoka kazi. Hakusema kintu. Muntu wa ng'ombe nyingi hana haraka. Siku moja akaita wazee, akaleta kasiksi, pombe ya ndizi, na akanipatia ile gari kwa desturi ya bugabire.

Wewe unajua bugabire kwa ng'ombe. Mukubwa anakupa moja; maziwa ni yako, mbolea ni yako, lakini na wewe unakuwa wake. Uzio yake ikianguka, unaisimamisha. Ng'ombe ikizaa, cha kwanza kinaenda kwake. Ikikufa, unamuletea ngozi. Na ukichoka kuwa muntu wake, unairudisha nzima, kwa miguu yake yenyewe, mbele ya mashahidi. Kama siku ile cha kwanza hakijaingia bado kwa mulango wake, hakidai tena, mumemalizana. Unakaa mbali na zizi yake paka mwezi mupya, ili macho zisione haya.

Walifunga kamba kwa pua ya gari. Nikaishika. Nikasema maneno yenye kila muntu anasema: "Ikizaa, cha kwanza ni chako." Mutoto yangu, tumbo iliniuma kwa kuzuia kicheko. Gari itazaa nini? Wazee walicheka paka kasiksi ikawatoka puani. Ndagano hakucheka.

Katekista angesema kosa yangu ilikuwa kucheka. Hapana. Kucheka ningecheka hata leo. Kosa ilikuwa kudhani maneno ya desturi yanamufunga tu yule anayeyaamini.

Basi nikaanza. Niliitoa milango, viti, vioo, kila kintu chenye kilikuwa kizuri. Mifupa yake ilikuwa mifupi, nikashuka Walikale kutafuta libuyu, muti mugumu wenye unavunja shoka, nikairefusha nayo. Misumari haikushika. Nikafanya vile wazee wanafunga mupini ya jembe: nilizungusha ngozi mbichi ya ng'ombe, nikaiacha jua iivute. Ngozi ikikauka inabana kuliko chuma. Kiti nilikiweka nyuma ya magurudumu ya nyuma, sawa ile picha. Bomba ya moshi niliikata fupi ili kilima yote ipate faida. Esansi, mafuta ya gari, ikikosekana niliichanganya na kanyanga, ile pombe kali, na ile mashini ilikunywa kuliko mujomba wako wa Ngungu, lakini yenyewe haikuimba.

Vitesi, ile gia, ya kurudi nyuma ilikuwa imekufa tangu wakati wa muzungu. Meno yake yote yameisha. Niliiacha vile. Nani anajenga gari ya mbio ili irudi nyuma?

Unajua ile fasi tambarare kule juu, kwenye majani ya ng'ombe. Iko moja tu kwa kilima yote. Inaanza kwa mikaratusi, inaisha kwa ukingo, na nyuma ya ukingo ni hewa tupu na ukungu wa bonde. Kila Jumapili kisha misa nilikuwa ninaketi kule nyuma, ninaiachilia, meno yanagongana, machozi yanaenda masikioni, na kabla sijamaliza kusema "Yesu" nilikuwa ninakanyaga fren ya kuisimamisha na miguu mbili, sababu dunia inaisha. Kisha inasimama. Haiwezi kugeuka, ni ndefu sana. Haiwezi kurudi. Watu wanatoka kwa mikaratusi, wanashika pua yake, wanaisukuma kinyumenyume wakiimba, paka pale ilipotoka. Na mimi ninaketi tena.

Kwa wale wasukumaji njo alikuwa mama yako. Alikuja na wasichana wa Ngungu kwa sikukuu ya parokia. Mimi nilikuwa tayari na mvi, sina bibi, ninalala na mbwa. Alisukuma paka kwa mikaratusi, akajipangusa mikono, akaniuliza polepole:

"Papa, hii gari yako inakimbia ili ikatafute watu wa kuisukuma?"

Wasichana wengine waliangua kicheko, mimi nikauliza nyumba ya baba yake ni ipi. Tukaoana. Wewe ulizaliwa mwaka wenye kufuata, na kabla hujajua kusema baba ulijua kusema brrr. Ulipopata nguvu ya kuzungusha manivele, kile chuma cha kuamushia motere, ulikataa muntu mwingine aiguse. Mama yako alisema ninakuharibu. Nilimwambia mutoto anayeamusha motere ya kichwa kigumu ataamusha hata mugonjwa. Sasa wamasere wanakuita kujifunza kuzalisha wamama. Ona, sikukosa kila kintu.

Lakini nataka ujue kintu kingine, na ukisome polepole.

Ulipokuwa unaanza kutambaa, garaji kubwa ya Bukavu ilinitumia neno. Walisikia kwamba kuko muntu wa Masisi anafufua motere. Nilienda kwa Ndagano kuomba anisemee kwa ajenti. Akanisikiliza, akauliza tu: "Na ng'ombe yangu itabaki na nani?" Hakukataa. Ndagano hajui kukataa, anauliza. Jibu lilikuwa rahisi: niirudishe, niende. Nilitoka kwake nimekata shauri. Nikafika hapa, kwa hiki kibanda, nikaweka mukono juu ya motere. Ilikuwa bado na joto. Nikabaki.

Tangu siku ile nilijua nani amefungwa kwa ile kamba. Niliitengeneza uzio ya Ndagano kila ilipoanguka. Nilimubebea maji ya ng'ombe wakati wa jua. Na Jumapili nilikimbia, Kahindo, nilikimbia! Mufungwa mwenye mbio kuliko wafungwa wote wa Kongo. Watu walipiga mikono, na kila mara nilirudishwa kinyumenyume na nyimbo. Unaweza kuzeeka vile. Ni tamu, njo hatari yake. Kama ingekuwa chungu ningetoka zamani.

Neno la wamasere lilipofika kwamba wamekukubali, Ndagano alilisikia mbele yangu. Alikuja, akakaa kwa kiti yangu, akauliza habari ya gari. Nikasema iko muzima.

"Imezaa?"

"Muzee," nikasema, "paka sasa haijapata dume."

Aliniacha nicheke peke yangu paka nikamaliza. Kisha akasema: "Papa Kahindo, gari haizai. Ile hata mimi najua. Lakini ilikuletea bibi. Kilima yote iliona alikuja kufanya nini: alikuja kusukuma. Na bibi amezaa. Cha kwanza ni nani?"

Akaendelea bila kupandisha sauti. Wewe, Kahindo, utaenda kukaa na bibi zake, utaosha vibuyu vya maziwa, na siku ya kuolewa utatoka kwa nyumba yake, mahari iingie kwa zizi yake. Baada ya pale utakuwa huru kama binti yeyote. Alisema hivyo kama muntu anayekupunguzia muzigo. Na juu ya karatasi ya ajenti, akasema, hawezi kuruhusu kutoka kwa kilima kintu chenye kiko chake.

Nilikimbilia wazee, wale waliokunywa ile kasiksi na bado wanapumua. Nilidhani watacheka tena. Mumoja akaangalia chini, mwingine akasema maneno ya Ndagano yana miguu, yanasimama. Kicheko changu cha zamani walikuwa wanakikumbuka vizuri. Maneno yangu pia.

Mama yako nilimwambia. Alichagua maharagwe paka sinia ikaisha. Kisha akasema neno moja: "Ulipenda kukimbia. Sasa kimbia."

Mimi, vile unanijua, kwanza nilijaribu ujanja. Nilifungua kapo, kile kifuniko cha motere, nikakifunga kwa majani ya mugomba sawa ngozi ya ng'ombe, nikavaa uso wa matanga, nikamupelekea. Nikamwambia, Muzee, pole, imekufa, hii njo ngozi yake. Ndagano akafungua majani. Akanusa. Aliita hata bibi yake mukubwa aje kunusa. Akasema ngozi hii haina damu, tena Jumapili alisikia maiti inaunguruma. Nilirudi na kapo kichwani, na mvua ikanikuta njiani, ikipiga ngoma pale juu paka nyumbani. Njia yote watu walitoka kuangalia.

Kulibaki kuirudisha. Unaona namna muntu anazunguka mbali ili asifike kwa mulango wenye anaujua? Kuirudisha nzima, na vile niliilisha vyote: libuyu ya Walikale, ngozi, bomba, kiti. Chakula chenye ng'ombe imekula hakitolewi tumboni.

Leo asubuhi mulipoenda Ngungu kuaga nyanya yako, niliiamusha. Manivele ilinipiga mukono mara moja, sababu haikunizoea; ilikuwa inakungoja wewe. Sikupanda kwa mikaratusi kukimbia mara ya mwisho. Ungefikiri nitafanya vile, eh? Na mimi nilifikiri. Lakini nilijua joto ya ile motere na mimi mwenyewe. Nilishuka moja kwa moja kwa njia ya zizi, polepole, wazee wakifuata nyuma kwa miguu sawa musafara wa arusi.

Polepole paka kwa muteremuko wa mwisho. Pale fren ilikumbuka kwamba imezeeka. Tuliingia kwa mulango wa zizi na kelele yenye Ndagano hajawahi kusikia ndani ya boma lake. Ng'ombe ziliruka uzio upande mwingine, ile uzio yenye nimeisimamisha mara hazihesabiki, na bibi mukubwa alipanda juu ya ghala bila ngazi. Pua ikasimama kwa kibanda cha ndama. Mukia ilibaki kwa mulango. Nikazima.

Nikashuka, nikafunga kamba kwa pua, nikamupatia Ndagano kwa mikono mbili. "Ng'ombe imerudi," nikasema mbele ya mashahidi. "Ni nzima kuliko vile ulinipa."

Alishika kamba. Alizunguka gari yote, akagonga libuyu na fimbo, akagusa ngozi pale imebana. Akauliza: "Na ikitaka kutoka?"

"Haina kurudi nyuma, Muzee. Ulinipa vile."

Na huyu muntu, mwenye sikumuona meno tangu vita ya wazungu, akacheka. Alicheka paka akaegemea gurudumu. Kisha akawageukia wazee na kusema: "Tumemalizana. Mutoto aende." Hakuna aliyepiga mikono. Akatuma muntu kwa ajenti pale pale, na karatasi yako ilifika hapa kabla hamujarudi.

Nilikuwa nimevuka mulango tayari aliponiita. Hakutumia sauti ya kapita. "Papa Kahindo, lakini nani ataiamusha?"

Mutoto yangu, jibu ilikuwa kwa ulimi wangu. Neno moja tu: mimi. Jumapili moja moja, nani angekasirika? Niingie, nizungushe, niketi kidogo kule nyuma. Na ningekuwa muntu wake tena, na wewe ungekuwa cha kwanza tena. Yeye alijua. Alikuwa ameshika kamba na kuniangalia na macho ya mupole kabisa.

"Manivele iko chini ya kiti," nikamwambia. Nikaenda zangu.

Jioni uliporudi umelowa, uliona kibanda na kuniuliza gari iko wapi. Nilisema imeenda kuchunga. Ulinitazama vile mama yako ananitazama. Basi, sasa unajua.

Usinihurumie kupita kiasi. Niko kwa kilima yangu, nina mama yako, ambaye leo amenipatia chakula moto bila kunitukana. Nilidhani ni mugonjwa. Kweli, ukuta wa kibanda unanikaribia kidogo. Mikono haijui ikae wapi, njo maana inaandika. Bukavu sitaiona, nimezeeka sana kwa kazi ya garaji. Wewe utaiona kwa macho yako. Na huko watu wema watakupatia vintu. Wengi watakupatia kwa roho safi, na wewe pokea, sema aksanti, usikuwe na kichwa kigumu. Lakini kama siku moja umeweka mukono juu ya kintu na unasikia bado kina joto, na miguu yako inasema baki, basi, ukumbuke baba yako alikuwa na miguu ya namna ile. Sijui nikuambie ufanye nini siku ile. Mimi ilinichukua umri wako wote.

Kesho mama yako atakufikisha sokoni. Mukipita mbele ya zizi utaiona, ndefu, katikati ya ng'ombe, pengine ndama inalamba gurudumu. Usisimame. Mimi nitakuwa hapa upande mwingine wa kilima na nitakusindikiza kwa masikio. Ile lori ninaijua kuliko mwenyewe. Itatoka sokoni kwa vitesi ya kwanza, italia sawa muntu anajifungua, na itapanda hivyo paka juu kabisa, fasi ya kuanza kushuka Sake. Pale itapumua na kushika ya pili. Nikisikia ile ya pili, nitajua umetoka. Shofere akikuuliza kama unataka apunguze ili uangalie nyuma, mwambie hapana. Mwambie abadilishe vitesi.

Papa yako